Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini na Nani?

Kuna hadithi fupi inayoandikwa sana Afrika Mashariki siku hizi, na sijaona mhakiki aliyeishughulikia. Haimo katika diwani yoyote. Utaikuta kwenye ripoti za mwaka, vipeperushi vya semina na kurasa za mashirika ya mazingira. Mhusika wake mkuu mara nyingi ni mama, amesimama kwenye tope au chini ya mti, mche mkononi. Aya ya pili inaturudisha nyuma: zamani wanakijiji walikata miti ovyo kwa sababu hawakujua thamani yake. Aya ya tatu mradi unaingia. Aya ya nne maji ya bomba yanatoka na watoto wanapata vitabu. Mwishoni mama anapewa sentensi moja ya kusema, na sentensi hiyo ni ya shukrani.

Mimi huiita hadithi ya mradi. Jambo inalolisimulia ni zito: kwamba watu wa nchi zinazoendelea wanaweza kulipwa ili watunze misitu, mikoko na vyanzo vya maji ambavyo wengine, wa karibu na wa mbali, wanavitegemea. Wachumi na wanaikolojia wameshaandika mengi kuhusu kufaa na kutofaa kwa mpango huo. Mimi niko kwenye shahada ya uzamili ya fasihi, kwa hiyo swali langu ni la msomaji wa hadithi: katika hadithi hii, anayelipa yuko wapi? Mbona kila mtu anaonekana isipokuwa yeye?

Tuanze na mfano mzuri, ili isionekane tumeokota mradi mbovu ili tuupige. Gazi ni kijiji cha wavuvi kusini mwa Mombasa, katika kaunti ya Kwale. Hapo, pamoja na kijiji jirani cha Makongeni, ndipo ulipozaliwa Mikoko Pamoja, mradi ulioidhinishwa mwaka 2013 na unaotajwa kuwa wa kwanza duniani wa jamii kuuza kaboni ya mikoko. Eneo lake ni hekta 117. Mkataba ni wa miaka 20, na hesabu yake ni kiasi cha tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, yaani hewa ambayo mikoko hiyo inaifyonza, au ambayo ingetoka kama ingekatwa. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa dola 12,000 hivi kwa mwaka. Fedha hizo ziliingia kwenye maji, shule na ulinzi wa mikoko yenyewe, na wanakijiji walishirikishwa katika kuamua zitumikeje. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mtu anayebeza maji ya bomba hajawahi kuyachota mbali.

Lakini hebu tuirudie ile aya ya pili ya hadithi ya mradi, ile inayosema watu hawakujua thamani ya miti. Pwani hii kila unene wa mti wa mkoko una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Huuzwa kwa korija, miti ishirini ishirini. Upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu umefuata urefu wa boriti, kwa kuwa boriti ndiyo iliyobeba dari. Kwa karne nyingi majahazi yaliipeleka miti hiyo Uarabuni na Ghuba, ambako nyumba ziliezekwa kwa mikoko ya kwetu, hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Watu wenye msamiati wa namna hii huwezi kuwaambia hawakujua thamani. Waliijua kwa kipimo cha kidole gumba. Jambo jipya lililoletwa na kaboni ni kwamba, kwa mara ya kwanza, kuna mnunuzi anayetaka mti ubaki umesimama. Hadithi ya mradi ingesema hivyo tu ingekuwa ya kweli zaidi, na pia ingekuwa tamu zaidi, maana biashara iliyopinduka juu chini ina kisa ndani yake, ilhali ujinga uliotibiwa hauna kisa chochote.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba pande zote mbili za biashara hii, nacho ni kutunza. Mtu hutunza mtoto, shamba, siri, msitu. Lakini pia mtu humtunza mwimbaji au mchezaji ngoma, yaani humpa zawadi kwa uzuri wa kazi yake. Ndiyo maana twasema mcheza kwao hutunzwa. Anayetunza mikoko naye anastahili kutunzwa: lugha ilishafika hapo kabla ya semina zote.

Tazama basi utunzaji unavyofanyika kwenye taarabu. Mtu hampi mwimbaji pesa kwa kificho. Anainuka kitini, anakwenda mbele kwa madaha huku akiyumba na ala, noti imeshikwa juu ionekane, kisha anaiweka mkononi mwa mwimbaji au kumbandika. Ukumbi mzima unaona nani katoa. Zaidi ya hayo, wanaona katoa kwenye beti gani. Kama beti ilikuwa ya kumsuta hasimu, basi anayetunza amelichukua neno la mwimbaji akalifanya lake, na hasimu aliyeketi meza ya tatu ameshaelewa. Tunzo ni malipo kwa mwimbaji, na papo hapo ni kauli ya mtoaji juu ya nafsi yake.

Biashara ya kaboni ina mambo hayo mawili vilevile. Kampuni, chuo kikuu au mtu binafsi wa mbali anaponunua tani kadhaa za Gazi, anawatunza watu wa Gazi, na wakati huohuo anapata kauli ya kusema kuhusu yeye mwenyewe: kwamba moshi wake umefidiwa, kwamba safari zake za ndege zimesafishwa. Tofauti ni kwamba hapa ukumbi umekatwa katikati. Kule kwa mnunuzi kauli inatangazwa kwenye tovuti na matangazo. Huku kwa mwimbaji wanaonekana waimbaji tu, wamepigwa picha, wamepewa majina na umri na idadi ya watoto. Ukipekua daftari za hati za kaboni unaweza kukuta jina la mnunuzi. Kwenye hadithi hayumo. Mama anashukuru, lakini hatuambiwi anamshukuru nani, wala huyo aliyeshukuriwa alinunua haki ya kusema nini.

Sarufi ndiyo inayofanya kazi hii. Muhula mmoja nilipata kibarua cha kutafsiri hadithi za aina hii kwa ajili ya shirika moja, kwa malipo ya kila ukurasa. Nilijifunza kwamba kauli ya kutendwa ndiyo nguzo ya nyumba nzima: jamii imewezeshwa, wananchi wamehamasishwa, vikundi vimejengewa uwezo. Anayetenda hatajwi, na Kiswahili, kwa ukarimu wake wa viambishi, kinaruhusu. Nilipoandika kwamba wanakijiji wameuza kaboni, rasimu ilirudi imebadilishwa: wanakijiji wamepata motisha. Motisha ni kitu apewacho mfanyakazi mvivu ili achangamke, au mwanafunzi ili apite mtihani. Muuzaji hapewi motisha. Muuzaji hupewa bei, na bei huweza kujadiliwa.

Magazeti nayo yana kosa lao. Mara kwa mara utasoma kwamba kijiji fulani kimeingia katika mikopo ya kaboni. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapo lina maana ya mkopo na pia ya salio linaloandikwa upande wako kwa kitu ulichokwisha kutoa. Mfasiri alichukua maana ya kwanza, wenzake wakamfuata. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyeuza mali yake anatajwa kama mdeni. Bibi yeyote wa kijijini akisikia neno mkopo atauliza utalipwa lini na kwa riba gani, na atakuwa na haki ya kuogopa. Kuna neno hati, kuna neno cheti. Kuchagua mkopo kumegeuza mwelekeo wa deni, na katika suala hili mwelekeo wa deni ndio suala lenyewe: waliochoma mafuta kwa miaka zaidi ya mia mbili ndio wanaodaiwa.

Msomaji anaweza kuniuliza: je, tatizo lako ni maneno tu, au unapinga watu kulipwa? Sipingi. Ushahidi ninaouheshimu zaidi ulitoka Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la Science. Watafiti walichukua vijiji 121 vya wilaya za Hoima na Kibaale. Katika vijiji 60, vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, wenye misitu waliahidiwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka wasipokata, kwa miaka miwili. Kwenye vijiji visivyopewa ahadi hiyo eneo lenye miti lilipungua kwa asilimia 9.1. Kwenye vijiji vilivyopewa lilipungua kwa asilimia 4.2. Pesa haikuzuia kila shoka, ila ilizuia mengi, na kwa gharama ndogo.

Yapo mapingamizi ya kimaadili ambayo ni ya kusikilizwa. Richard Titmuss aliandika mwaka 1970 kuhusu utoaji wa damu, akidai kwamba pesa ikiingia mahali palipokuwa na hiari, hiari huondoka. Mwaka 2000 Uri Gneezy na Aldo Rustichini walieleza jinsi vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli, vilivyoanza kuwatoza faini wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto. Wazazi wakazidi kuchelewa, kwani sasa walihisi wamenunua muda huo. Faini ilipoondolewa hawakurudi kwenye adabu ya zamani. Kwa hoja hiyo, mvuvi aliyekuwa akiheshimu mikoko kama mahali samaki wanapozalia ataanza kuiona kama duka, na siku bei ikishuka ataikata.

Naichukulia hoja hii kwa uzito, ila naona inamsahau mkata boriti. Picha yake ya kijiji ni picha ya mahali pasipo pesa, palipoharibiwa na pesa. Lakini korija ilikuwepo. Wachoma chokaa walikuwepo, na wanaochoma chokaa huhitaji kuni. Bei ya mti uliokatwa imekuwa ikiutafuna mkoko tangu enzi za majahazi, na hakuna aliyewaandikia wafanyabiashara wa Ghuba makala ya kuwaonya kwamba wanaharibu hiari yetu. Inashangaza kwamba maswali magumu kuhusu usafi wa pesa yamefika siku ambayo pesa hiyo inaanza kumlipa anayeacha kukata.

Palipo na jeraha la kweli ni kwingine, na hadithi ya mradi inapapita kimya. Ukataji ulikuwa ukimlipa mtu mmoja mmoja. Kaboni ya Gazi inalipa kijiji. Maji yakija, yanakuja kwa wote: aliyekuwa akikata, aliyekuwa havuki hata mlango wa mikoko, na yule aliyekuwa akinunua boriti ili auze mjini. Faida imegawanywa sawa, hasara haikugawanywa. Waandaaji wa Mikoko Pamoja walilifahamu hili, ndiyo sababu walipanda mivinje nje ya mikoko ili watu wapate miti ya kujengea na kuni. Lakini mvinje unahitaji miaka ya kukua na njaa haisubiri. Ninamtafuta mkata boriti kwenye hadithi hizi kama mhusika kamili, mwenye ustadi, mwenye panga lililoning'inizwa ukutani, mwenye maoni yake juu ya bomba la maji. Huwa simkuti. Nikimkuta, amepewa jina moja tu: mharibifu aliyebadilika.

Je, inawezekana kusimulia malipo ya namna hii bila kumficha mlipaji? Inawezekana, na mifano ipo. Katika Unbowed, tawasifu yake ya mwaka 2006, Wangari Maathai anaeleza jinsi wanawake wa Green Belt Movement, iliyoanza mwaka 1977, walivyolipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Aliyepanda mia ikafa yote hakupata kitu. Maathai hafichi kwamba pesa ilikuwa ndogo, wala hafichi ilikotoka: anawataja wafadhili wa Norway na wa Umoja wa Mataifa kama watu waliokuja, wakaulizana naye, wakatoa. Kwa hiyo wanawake wake wanasomeka kama wafanya kazi wanaodai ujira wao, na yeye anasomeka kama mtu anayehangaika kuupata. Kuna mvutano baina ya watu, na pale penye mvutano ndipo penye hadithi.

Mfano wa pili ni wa kisheria. Costa Rica ilipitisha sheria ya misitu namba 7575 mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaanza kuwalipa wenye misitu. Sheria ile inataja huduma nne za msitu: kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, kulinda maji, kulinda viumbe, na uzuri wa mandhari. Sehemu kubwa ya fedha imetokana na kodi ya mafuta ya magari. Sheria hiyohiyo inakataza msitu kugeuzwa shamba, kwa hiyo marufuku na malipo yametembea pamoja. Isome kama matini na utaona kilichokosekana kwetu. Mlipaji ana sura: ni dereva aliyesimama kwenye kituo cha mafuta mjini San José, akilipa kidogo zaidi kwa kila lita, na pesa yake inapanda mlimani kwa mwenye msitu. Wawili hao ni raia wa nchi moja na wanaweza kugombana bungeni. Mnunuzi wa tani za Gazi na mkazi wa Makongeni hawana bunge la kugombania.

Hapo methali yetu inatubana, kwenye neno moja ambalo huwa tunalipita upesi: kwao. Mcheza kwao. Gazi ni kwao kwa watu wa Gazi kwa kila maana ambayo bibi angeitambua, kwa makaburi, kwa majina ya mikondo ya maji, kwa miiko. Kwa karatasi ni jambo jingine. Mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, enzi ya ukoloni, na hadi leo kijiji kinaitunza kwa makubaliano ya usimamizi shirikishi na Huduma ya Misitu ya Kenya. Mchezaji anacheza ngoma yake kwenye ukumbi ambao hati yake iko kwa mwingine. Linganisha na Wahadzabe wa bonde la Yaeda kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi kwa pamoja, kama jamii, na ni juu ya hati hiyo ndipo biashara yao ya kaboni ilipojengwa. Hati haiondoi matatizo yote, lakini mwenye nayo anaingia kwenye mazungumzo ya bei akiwa na mlango wa kufunga.

Sheria ya Kenya imeanza kulisogelea jambo hili. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanataka kila mradi wa ardhini uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka iende kwa jamii hiyo. Ni hatua. Kama msomaji wa matini, nabaki na udadisi kuhusu neno jamii, maana kwenye hadithi ya mradi jamii ni mhusika mmoja mwenye uso wa mama mwenye mche, na kwenye kijiji chochote nilichowahi kulala jamii ni watu wanaobishana. Asilimia 40 itakayoingia kwenye akaunti ya jamii itaangukia katikati ya ubishi huo, na nani atakuwa amehesabiwa ndani litakuwa swali la kwanza.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wenzangu, wale wanaopata vibarua vya kuziandika na kuzitafsiri hadithi hizi, mambo matatu ambayo hayazidishi gharama ya uchapishaji. Mwandike jina la mnunuzi na bei ya tani, palepale kwenye aya ya bomba la maji. Mumpe mkata boriti sentensi zake mwenyewe, hata kama si za shukrani. Na mnapoandika kwamba kijiji kinatunza msitu wake, mhakikishe kwanza kama neno wake ni la kweli, na kama si la kweli mseme ni la nani.